Hesabu ya Kitu Kisichojulikana



Karatasi hii haihusu maradhi ya miti wala namna ya kupanda. Inahusu hesabu, nayo imeandikwa kwa sababu mkulima aweza kupalilia vizuri, akachuma kwa wakati wake, akaanika bila kunyeshewa, kisha akapoteza sehemu kubwa ya jasho lake mizanini au katika maneno ya mapatano, kwa kuwa hakuuliza swali moja dogo: sehemu ya nini? Mtu akikuambia, "Mimi nitachukua robo," hajakuambia neno mpaka aseme ni robo ya nini. Robo ya karafuu mbichi si robo ya karafuu kavu, na robo ya fedha zote si robo ya fedha zilizobaki baada ya wachumaji kulipwa.

Twaa kalamu na karatasi, au kijiti na mchanga, ufuatane nami. Hesabu haisomwi kwa macho peke yake.

MAJINA YA SEHEMU

Majina ya sehemu unayo tayari kinywani: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui na ushuri, yaani moja ya pili, moja ya tatu, na kuendelea hata moja ya kumi. Tukiandika 3/4, namba ya chini huitwa asili, nayo yaonyesha kitu kizima kimekatwa vipande vingapi. Namba ya juu huitwa kiasi, nayo yaonyesha vimechukuliwa vipande vingapi.

Wazee wetu walipima nafaka kwa pishi. Pishi moja ni vibaba vinne, na kisaga ni vibaba viwili. Basi kibaba ni robo ya pishi, na kisaga ni nusu yake. Ukimpa jirani kisaga cha mtama, kisha ukamwongezea kibaba, umempa sehemu gani ya pishi? Wanafunzi wengi hujumlisha 1 na 1 juu, 2 na 4 chini, wakaandika 2/6. Lakini hakuna mama wa nyumba atakayekosea hivyo. Yeye hukigeuza kisaga kuwa vibaba viwili, akaongeza kimoja, akasema vitatu. Ameandika hivi bila kalamu:

1/2 + 1/4 = 2/4 + 1/4 = 3/4

Hiyo ndiyo kanuni yote ya kujumlisha sehemu. Kwanza zigeuze ziwe na asili moja, maana vipande visivyolingana ukubwa havihesabiki pamoja. Kisha jumlisha viasi, na asili uiache kama ilivyo. Kutoa ni vivyo hivyo.

Kuzidisha ni rahisi zaidi. Penye neno "ya" baina ya sehemu mbili, pana kuzidisha: juu kwa juu, chini kwa chini. Nusu ya robo ni 1/2 × 1/4 = 1/8, yaani thumuni. Lishike neno hilo "ya", maana katika mapatano ndilo lenye thamani kuliko yote.

KUKIITA KITU KWA JINA

Mara nyingi mkulima anajua mwisho wa jambo, naye anataka kujua mwanzo wake. Anajua fedha anazozihitaji, hajui achume kilo ngapi. Hapo hesabu ya kawaida humwacha njiani, naye huanza kubahatisha.

Dawa yake ni ya zamani sana. Katika mji wa Baghdad, zama za Khalifa al-Ma'mun aliyetawala tangu mwaka 813 hata 833, mwanachuoni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu cha hesabu za al-jabr na al-muqabala. Katika neno hilo la kwanza ndimo lilimotoka jina la aljebra. Jambo asilolijua aliliita kwa Kiarabu shay', yaani kitu, akaendelea kulitumia katika hesabu kana kwamba analijua, mpaka likajidhihirisha lenyewe. Herufi hakutumia, yote aliyaandika kwa maneno. Jabr ni kuunga, kama vile mfupa uliovunjika uungwavyo: kilichopunguzwa upande mmoja hurudishwa kikakamilika. Muqabala ni kuziweka pande mbili zikabiliane, na ndugu ya neno hilo tunaye katika Kiswahili, yaani mkabala. Tena sehemu kubwa ya kitabu chake ni masuala ya wasia na mirathi. Basi asije mtu akasema kwamba elimu hii ni ya watoto wa shule tu, haina kazi kwa mwenye shamba.

Sisi tutakiandika kitu kwa herufi k. Ukiona k/4, soma "robo ya kitu". Ukiona 3k, soma "kitu mara tatu". Alama ya = ni mizani ya vitanga viwili iliyotulia. Ukiongeza au ukipunguza upande mmoja, fanya vile vile upande wa pili. Ukizidisha au ukigawanya upande mmoja, gawanya au zidisha na wa pili. Usipofanya hivyo mizani inalala.

KARAFUU MBICHI NA KARAFUU KAVU

Tuseme mkulima wa upande wa Konde amekusudia kupeleka kituoni kilo 96 za karafuu kavu. Karafuu huchumwa pamoja na makonyo yake, kisha huchambuliwa, kisha huanikwa juu ya majamvi. Tuseme ya kwamba makonyo ni robo ya uzani wa kilichochumwa. Karafuu zilizochambuliwa, zikishakauka sawasawa, hubaki karibu thuluthi ya uzani wake wa mbichi. Je, achume kilo ngapi?

Kwanza tazama hesabu ya upotevu ambayo wengi huifanya. Husema: robo inakwenda na makonyo, thuluthi mbili zinakwenda na jua, robo na thuluthi mbili ni 3/12 na 8/12, jumla 11/12, basi inabaki 1/12 tu. Wamejumlisha vizuri kabisa, na jawabu ni baya. Robo ile ilikuwa ya mzigo wote uliochumwa, lakini thuluthi mbili zile ni za karafuu zilizokwisha kuchambuliwa. Jua halikukausha makonyo ambayo yamekwisha kutolewa.

Sasa tufanye kwa kitu. Kilichochumwa ni k.

Baada ya kuchambua: k − k/4 = 3k/4
Baada ya kukausha: 1/3 ya 3k/4 = 3k/12 = k/4

Yaani robo nzima ya mzigo inabaki, wala si moja ya kumi na mbili. Basi:

k/4 = 96
k = 96 × 4 = 384

Achume kilo 384. Hakikisha: robo ya 384 ni 96, hayo ni makonyo, zinabaki 288, thuluthi ya 288 ni 96. Yule wa hesabu ya kwanza angalidhani anahitaji 96 × 12, yaani kilo 1,152, akaajiri wachumaji mara tatu ya haja yake.

Makonyo nayo hukaushwa na kuuzwa, maana yana mafuta. Lakini tusiyatie katika hesabu hii, kama yasivyofaa kutiwa katika gunia moja na karafuu.

Neno moja juu ya ile "karibu thuluthi". Karafuu zilizochumwa changa hazikauki sawa na zilizokomaa, na zilizoanikwa siku za mawingu si sawa na za jua kali. Usiazime namba ya jirani. Pima kilo 12 zilizochambuliwa, zianike mbali peke yake, zikikauka upime tena. Zikiwa kilo 4, sehemu yako ni 4/12, ndiyo thuluthi. Zikiwa kilo 5, au ni changamano jingine, au hazijakauka. Vunja moja usikie kama inalia.

UJIRA WA MCHUMAJI

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea, na wanaopoteza ni wenye shamba na wachumaji kwa zamu. Bei nizitakazo hapa ni za mfano. Weka za msimu wako.

Mwenye shamba anamlipa mchumaji shilingi 2,000 kwa kila kilo mbichi iliyochambuliwa, na karafuu kavu inanunuliwa kwa shilingi 15,000 kwa kilo. Anasema moyoni, "Namlipa 2,000 katika 15,000, hata sudusi haifiki." Ni kweli kwamba 2/15 ni pungufu ya 1/6. Lakini zile 2,000 ni za kilo mbichi, na zile 15,000 ni za kilo kavu. Kilo moja kavu imetoka katika kilo tatu mbichi, basi kuichuma kumemgharimu 3 × 2,000, yaani 6,000. Na 6,000 katika 15,000 ni 6/15, ukipunguza ni 2/5. Humusi mbili za fedha zote zimekwenda kwa wachumaji, naye alidhani haifiki sudusi.

Sisemi ujira huo ni mkubwa. Kupanda mkarafuu ni kazi ya hatari, na mifupa mingi imevunjika kwa ajili ya kikonyo kilicho mbali. Nasema tu kwamba ajuaye 2/5 hupatana kwa haki kuliko adhaniaye 2/15, maana huyu wa pili atakapoona mfuko mtupu atamshuku mchumaji wizi.

Tuendelee. Katika fedha zilizobaki, mwenye shamba anatoa thuluthi kwa kupalilia, kuanika na kuchukuza. Naye anahitaji shilingi 2,400,000 zimbakie mkononi kwa kuezeka nyumba. Auze karafuu za shilingi ngapi? Fedha zote ni k.

Baada ya wachumaji: k − 2k/5 = 3k/5
Thuluthi ya hizo: 1/3 × 3k/5 = k/5
Zinazobaki: 3k/5 − k/5 = 2k/5

Ona kwamba ile thuluthi iliyotolewa imekuwa humusi tu ya fedha zote, kwa sababu ilikuwa thuluthi ya zilizobaki. Sasa:

2k/5 = 2,400,000
2k = 12,000,000
k = 6,000,000

Gawanya kwa 15,000, ni kilo 400 kavu, zilizotoka katika kilo 1,200 mbichi. Ikiwa miti yake haijapata kutoa kiasi hicho, amejua mapema, kabla hajachukua bati kwa mkopo.

MWANI: KITU KIKIWA PANDE ZOTE MBILI

Si kila aliye Micheweni ana mikarafuu. Ardhi ya mawe upande wa mashariki haiipendi, na kina mama wengi wa pwani hiyo tegemeo lao ni mwani, uliokuja kulimwa kwa biashara Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980. Nao wana swali lao.

Mnunuzi wa kwanza anatoa kamba na vigingi bure, naye ananunua mwani mkavu kwa shilingi 600 kwa kilo. Wa pili hatoi kitu, ila ananunua kwa shilingi 800, na vifaa vitakugharimu shilingi 90,000. Yupi bora? Wengi hutazama 800 wakakimbilia huko. Wengine husikia neno "bure" wakakaa hapo. Ukweli ni kwamba hakuna jawabu mpaka ujue utavuna kilo ngapi. Kilo ni k, na tutafute mahali wanapolingana:

600k = 800k − 90,000

Hapa ndipo jabr: upande wa kulia umepungukiwa 90,000, basi uunge. Ongeza 90,000 pande zote mbili:

600k + 90,000 = 800k

Kisha muqabala: toa 600k pande zote mbili:

90,000 = 200k
k = 450

Ukivuna kilo 450 kavu, wote wawili ni mamoja. Ukivuna pungufu, wa kwanza ni bora. Ukivuna zaidi, ni wa pili. Ukivuna kilo 300, wa kwanza atakupa 180,000, na wa pili 240,000 kasoro 90,000, yaani 150,000.

Lakini mawimbi nayo huchukua. Tuseme huchukua ushuri ya mwani wako kabla hujauvuna. Upande kiasi gani ili zifike kilo 450? Mtu atasema: ushuri ya 450 ni 45, basi nilenge 495. Ngoja. Mawimbi hayachukui ushuri ya kile utakachovuna. Yanachukua ushuri ya kile ulichopanda kikakua. Ushuri ya 495 ni 49 na nusu, nawe utabaki na 445 na nusu, hazifiki. Fanya kwa kitu:

k − k/10 = 450
9k/10 = 450
k = 450 × 10/9 = 500

MIRATHI YA SHAMBA

Hesabu hii ndiyo iletayo ugomvi kuliko nyingine zote, na miti hukaa bila kupaliliwa miaka mingi kwa ajili yake. Mwandishi wa karatasi hii si mwanachuoni wa faraidhi, na hukumu ni ya kadhi. Lakini kila mrithi afaa aweze kuifuata hesabu kwa kalamu yake mwenyewe.

Mtu amefariki ameacha mke, mama, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Baada ya mazishi, madeni na wasia, imebaki mikarafuu 120. Mke aliyeachwa na watoto wa marehemu hupata thumuni, mama hupata sudusi, na kilichobaki ni cha watoto, mwanamume mara mbili ya mwanamke.

Kwanza jumlisha thumuni na sudusi. Aliyezoea kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini ataandika 2/14, yaani 1/7. Subui ya 120 ni miti 17 na kidogo. Lakini sudusi ya mama peke yake ni miti 20! Yawezekanaje fungu la wawili likawa dogo kuliko fungu la mmoja wao? Uonapo jambo kama hilo, futa uanze upya. Nane na sita hukutana katika 24:

1/8 + 1/6 = 3/24 + 4/24 = 7/24

Waliobaki, yaani watoto, wana 17/24, ndiyo miti 85. Fungu la binti liite k. Kila mwana wa kiume ana 2k:

2k + 2k + k = 85
5k = 85
k = 17

Binti miti 17, kila mwanamume 34, mke 15, mama 20. Jumlisha: 17 na 68 ni 85, na 35 ni 120. Mizani imetulia.

Sasa angalia kosa linalomdhulumu mjane bila mtu yeyote kukusudia. Mzee wa familia huanza na mama, akatoa sudusi, miti 20, ikabaki 100. Kisha humpa mjane thumuni ya ile 100, ambayo ni miti 12 na nusu. Wote waliokaa wamesikia neno "thumuni" wakaridhika. Lakini thumuni yake ni ya mali yote, wala si ya mabaki; haki yake ilikuwa miti 15. Watoto ndio wagawanao mabaki. Miti miwili na nusu imempotea mama mwenye watoto kwa kutouliza, thumuni ya nini?

Tena miti hailingani. Mkarafuu mzee ulio karibu kufa si sawa na mkarafuu uzaao vizuri. Mkiweza, hesabuni mavuno ya msimu mzima kwa kilo, muone kila fungu lazaa nini, kabla ya kuweka alama shinani.

YA KUJARIBU MWENYEWE

1. Katika fedha za karafuu, thuluthi walilipwa wachumaji. Zilizobaki, mwenye shamba na mtunzaji waligawana nusu kwa nusu. Mtunzaji alipata shilingi 450,000. Fedha zote zilikuwa ngapi?

2. Mama mmoja alitenga sudusi ya mtama wake kuwa mbegu. Katika uliobaki, alimpa nduguye robo. Akabakiwa na pishi 30. Mwanzo alikuwa na pishi ngapi?

3. Mwanamke amefariki ameacha mume, mwana mmoja wa kiume na binti mmoja, na mikarafuu 64. Mume hupata robo ikiwa marehemu ameacha watoto. Kila mmoja ana miti mingapi?

Majibu. Ya kwanza: 1/2 ya 2k/3 ni k/3, basi k ni 1,350,000. Ya pili: 3/4 ya 5k/6 ni 15k/24, ndiyo 5k/8, k ni pishi 48. Ya tatu: mume 16, binti 16, mwana 32.

Asiyepata majibu haya na alete karatasi yake, pamoja na yote aliyoyaandika bila kufuta, kwa bwana shamba au bibi shamba wa shehia yake, wapate kutazama pamoja ni mstari gani uliolaza mizani.